Figo ya Pili kwa Baba Nyawira

Nyinyi vijana mnaochoma nyama ndani ya sanduku la umeme lenye kioo, kisha mkaipiga picha kabla ya kuionja, hamjambo. Mjukuu wangu ameniambia kuna kundi lenu pale Nyeri mjini mnaokodishwa kuchomea watu mbuzi wa Pasaka majumbani kwao. Mna aproni nyeusi zenye majina yenu kifuani, mna spika ya muziki, na mna ukurasa kwenye simu ambapo wateja wanawapa nyota. Hongereni sana. Mimi Ngunjiri nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yakagoma, na sikuwahi kupewa nyota hata moja. Nilikuwa napewa kichwa cha mbuzi na kwato zake, nashukuru, narudi nyumbani.

Mjukuu ameniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Nimekubali kwa sababu mvua ya Aprili imenifungia ndani, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Msitarajie mpangilio, nitaanza popote.

Nianze na kuni, maana hapo ndipo wengi wenu mtaaibika. Pasaka huku kwetu haipendi jua. Kila mwaka inasubiri mvua ndefu ianze, ndipo nayo ifike, watu wakiwa wamevaa viatu vyeupe. Mchomaji anayenunua kuni wiki ya Pasaka anajitafutia machozi. Tafuteni kuni za mti wa miwati, mzipasue mapema na kuziweka chini ya paa. Msidanganywe na mikaratusi. Inawaka upesi na moto wake ni mzuri kwa macho, lakini nyama itanuka dawa ya kifua. Mimi mara ya kwanza kualikwa Kangema niliwachomea wakulima wa chai nyumba nzima kwa mikaratusi. Walikula kwa adabu ya Kikristo, bila kusema neno, mpaka nyanya mmoja aliyejifunga shuka akavuta pumzi ndefu na kusema, "Ngai, hata homa yangu imeisha." Kangema hawakuniita tena kwa miaka mingi.

Aliyenifundisha moto ni mzee Athumani, Mwislamu wa hapo Nyeri mjini, jirani na msikiti. Ukimuuliza kabila lake alikuwa anataja matatu, siku nyingine manne, na yote alikuwa anayasema kwa Kikuyu kizuri kuliko changu. Alikuwa mchinjaji wa bucha tuliyofanyia kazi pamoja na bwana wa jiko la nyuma. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anawachomea Wakristo kutwa nzima bila kulamba hata kidole. Chumvi aliijua kwa macho. Alitazama jinsi mafuta yanavyotoka kwenye nyama, akasema imetosha, na ilikuwa imetosha.

Kitu kilichomchekesha ni Kwaresima yetu. Aliniambia, "Ngunjiri, mimi nikifunga, anajua Mungu na bibi yangu. Nyinyi mkifunga, najua mimi." Alisema kweli. Hakuna mteja aliyefika pale dirishani akanunua nusu kilo bila kutueleza alichoacha. Huyu ameacha pombe, huyu ameacha sukari, yule ameacha kusengenya, na kama hatuamini tumuulize jirani yake ambaye hana adabu hata kidogo, tena mumewe yule tunamjua alivyo.

Ijumaa Kuu bucha ilikuwa inafungwa mbele, kwa heshima. Nyuma tulikuwa tunashinda bila kuketi. Namkumbuka mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili aliyepitia mlango wa nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye miwani.

"Nipimie kilo mbili," alinong'ona. "Ni ya mbwa."

"Mbwa anataka mifupa?" Athumani akamuuliza.

"Apana, steki. Huyu mbwa ni mgonjwa."

"Nimchomee ama atakula mbichi?"

Mwalimu akatazama huku na huku. "Choma tu. Na uweke pilipili kidogo."

Athumani alimfungia vizuri kabisa kwenye karatasi. "Mwambie huyo mbwa Pasaka njema," alisema, na mwalimu akaitikia asante kabla ya kujizuia.

Sasa nije kwenye siri ya kazi yenyewe, na hii hamtaipata kwenye simu. Nyama ya nyumbani haiharibiwi na moto. Inaharibiwa na maombi. Unatoa mbavu zikiwa zinatoa jasho la mafuta, unaziweka kwenye ubao mbele ya watu, kisha mwenye boma anasimama, anafunga macho, na kuanza kumshukuru Mungu tangu uumbaji. Akifika Amina, mafuta yameganda meupe, na lawama zote ni za mchomaji.

Athumani hakuwahi kuketi kwenye benchi la kanisa, lakini alizijua sala za Wakristo wa Nyeri yote kwa kuzisikia madirishani. Alinifundisha kuzitumia kama saa. Mwenye boma akianza kushukuru kwa kuamka salama, geuza mbavu. Akifika kwa wagonjwa na wasafiri, nyunyiza maji ya chumvi. Akiwataja viongozi wa taifa, sogeza mguu wa mbuzi pembeni mwa moto, kwa sababu hapo atakaa kidogo. Na ukisikia "wale wote ambao wangependa kuwa nasi leo lakini hawakuweza," shusha kila kitu, Amina iko mlangoni. Kwa Wakatoliki nyama iwe tayari mapema, maana wana sala fupi ya kukariri na hawacheki na njaa. Kwa waliookoka ongeza kuni.

Msinielewe vibaya. Mimi mwenyewe ni Mkristo, nimebatizwa na kuoa kanisani. Ila Pasaka yangu niliila majumbani kwa watu, nikiwa nimesimama kwenye moshi, na mke wangu na watoto waliila nyumbani na githeri, mahindi na maharagwe. Jumatatu nilikuwa nawapelekea kile kichwa na kwato. Mke wangu alikuwa anatengeneza supu nzuri sana, akiniuliza familia za watu zinaendeleaje. Nilikuwa najibu zinaendelea vizuri, zinavaa sare.

Maana siku hizi Pasaka ina sare. Familia inashonewa kitenge cha aina moja, baba shati, mama rinda, watoto hivyo hivyo, wanapangwa mbele ya maua wanapigwa picha. Aya ya Biblia inawekwa chini yake. Picha ikishaenda, ndugu wawili waliokumbatiana wanarudi kwenye ugomvi wao wa mpaka wa shamba pale walipouachia. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka jikoni kwangu, na nilikuwa najua nani atasusia nyama kabla hata ya nyama kuiva.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Nilitaka kuwaeleza kuhusu boma moja la Endarasha.

Mwenye boma nitamwita Baba Nyawira, kwa sababu hivyo ndivyo Endarasha nzima ilivyomwita, jina la kifungua mimba wake, kama desturi yetu ilivyo. Alikuwa mkulima wa viazi na kabeji, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa kamati ya familia. Kila aliyetaka kuoa kanisani pale alipitia kwake kufundishwa uvumilivu, msamaha na neema. Kwa neema hasa alikuwa hodari. Angeweza kuieleza neema mpaka ukasinzia.

Mara ya kwanza kuchoma kwake ilikuwa siku mahari ya Nyawira ilipoletwa. Nyinyi wa mjini labda hamjui, na kama mtachomea watu majumbani itawabidi mjue, kwamba mbuzi wa nyumbani hakatwi ovyo. Masikio ni ya watoto. Figo ni za wasichana wa boma. Mwanamume mzima hali figo, ukimpa ni sawa na kumvalisha rinda. Baba Nyawira alikuwa na mabinti wawili, Nyawira na mdogo wake Wairimu, na mbuzi Mungu amempa figo mbili, kwa hiyo hesabu ya boma lile ilikuwa rahisi. Siku ile nilimpa Nyawira figo yake mbele ya wakwe, akaila yote akicheka, na baba yake akapiga makofi.

Mume alitoka Murang'a, kijana wa suti, sauti ya upole. Mikono yake haikuwa ya upole. Baada ya muda Nyawira alirudi Endarasha na jicho limevimba hadi limefumba, na baba yake alimpokea mlangoni, wala hakumpisha. Maneno yake niliyasikia kwa mama mtu mwenyewe.

"Nilikula mbuzi za watu mbele ya kanisa yote," alimwambia. "Sasa unataka nizitapike? Rudi kwa bwanako muongee."

Nyawira hakurudi kwa bwana. Alienda Karatina, akapanga chumba, akaanza kushona nguo. Baba yake akatangaza kwamba meza yake haina kiti cha mwanamke aliyekimbia ndoa. Mwenyekiti wa kamati ya familia angewafundisha nini watu, binti yake akiwa Karatina peke yake na cherehani? Alitaka hata jina libadilike, watu wamwite Baba Wairimu. Watu wakajaribu siku mbili tatu, midomo ikawashinda, wakarudi kwa Baba Nyawira. Alikuwa anaitika huku amekunja uso.

Mimi nilikuwa naenda kwake kila Pasaka, kuchoma dume moja kubwa, na sasa figo ya pili ikawa haina mwenyewe. Baba Nyawira aliniamuru zote mbili nimpe Wairimu. Wairimu hapendi figo. Moja alikuwa anaimeza kwa heshima ya baba yake, na ya pili alikuwa anaifunga kwenye karatasi ya kupangusia mikono na kumpelekea mbwa. Kwa hiyo fungu la kifungua mimba likawa linarithiwa na mbwa, na juu yake likawa limeombewa vizuri sana.

Na Nyawira je? Nyawira alikuwepo. Hapo ndipo mtashangaa. Mama yake alikuwa anampitisha nyuma ya zizi kila Pasaka na kumleta kwangu kwenye moto, kwenye kibanda cha mabati nilikochomea. Alikuwa anavaa viatu vya mpira vya gambuti, kitambaa kichwani na aproni yangu ya akiba, anapepea makaa. Wageni walikuwa wanapita hapo wakiuliza nyama itatoka lini, mashangazi zake wa damu, na hakuna hata mmoja aliyemtambua. Watu hawamtazami mtu anayepika. Kama una deni la kukwepa, vaa aproni. Mama alikuwa anatoka na sufuria mkononi, kujifanya analeta maji, wanashikana mikono dakika mbili, kisha anarudi ndani kuwapa wengine chai. Hiyo ndiyo ilikuwa Pasaka yao.

Kisha dirisha lilikuwa wazi, na tulikuwa tunamsikia baba mtu akiomba. Tumeamka salama, nageuza mbavu. Wagonjwa, nanyunyiza chumvi. Na mwishowe, kwa ile sauti yake nzito ya kanisani: "Na tunawakumbuka wale wote ambao wangependa kuwa nasi leo lakini hawakuweza." Nyawira alikuwa anasimama pale, moshi umemjaa machoni, akijibu polepole, "Amina." Mwaka wa kwanza alicheka baada ya kusema. Miaka iliyofuata hakucheka.

Mwaka ninaousema mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile ya huko juu Kieni inayokuja na baridi. Mlima haukuonekana kabisa. Nilikuwa na miwati mikavu, asante Athumani, Mungu amrehemu. Nyawira alifika amelowa, akavaa aproni, akapepea makaa. Mama yake alipokuja na sufuria yake ya uongo, alimwambia, nami nikiwa hapo hapo:

"Mami, hii ni ya mwisho. Mimi si nyama ya kukaushwa na moshi. Leo nikienda bila Baba kuniona, nisirudi tena hapa. Ukinitaka utakuja Karatina."

Mama Nyawira aliitazama ile sufuria, akaijaza maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, akarudi ndani.

Mezani kulikuwa na mgeni, Pasta kijana aliyekuwa amehamishiwa kanisa lao karibuni. Familia yote ilikuwa imevaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, na Baba Nyawira alikuwa anajivunia shati lake kwa Pasta. "Mama huyu ako na fundi yake huko Karatina," alisema, akinyoosha kola. "Kila Pasaka anatushonea sisi wote. Huyo fundi ako na mkono ya Mungu, nakwambia. Hata hajawahi kunipima." Mimi nilikuwa nanoa kisu pembeni. Nilimtazama Mama Nyawira, naye akatazama vikombe.

Mzee aliomba. Aliombea mpaka mabunge ya nchi jirani. Mgeni akiwa Pasta, mwenye boma huongeza kidogo ili ajulikane. Mimi nilikuwa nimejipanga. Mguu na mapaja nilikuwa nimeleta mezani, mbavu nilikuwa nimeziacha juu kabisa, mbali na moto, zikisubiri duru ya pili, kwa sababu nilijua kabla ya duru ya pili kutakuwa na maombi mengine ya kushukuru duru ya kwanza.

Nikakata. Masikio kwa watoto. Figo mbili kwenye kisahani, nikazipeleka kwa Wairimu kama kawaida. Sasa Wairimu, mke wa mtu tayari, alikuwa mjamzito, na harufu ya figo ilimpanda mpaka kichwani. Akachukua moja kwa uma, akakunja uso kama mtoto anayepewa dawa, na ya pili akaisukuma.

"Baba, leo siezi. Hii ingine mpe mtu."

Hapo ndipo Baba Nyawira alipofanya kosa ambalo kwetu huku hata mtoto hawezi kulifanya. Sijui ni haraka, sijui ni ile figo ilimchoma macho akataka tu iondoke mbele yake. Alininyooshea kidole, akasema kwa ukarimu mkubwa, "Pelekea Pasta."

 Shangazi mmoja akaweka mkono mdomoni. Mimi nilisimama na kisahani, kwa sababu kupeleka ni aibu na kukataa ni aibu. Pasta akaitazama figo, akamtazama mwenyeji wake, akacheka kicheko kizuri tu cha kijana.

"Mzee, mimi nilizaliwa Kangema," alisema. "Mama yangu akisikia nimekula hii, atanichapa na suti yangu. Hii ni ya msichana." Akageuka, akahesabu nyuso kwa macho. "Kwani kuna msichana mwingine hapa? Mwenyewe ako wapi?"

 Na Pasta, kwa vile hakujua lolote, akaendelea kwa upole wake.

"Halafu nilikuwa nataka kuuliza. Watu wote wanakuita Baba Nyawira. Ati Nyawira ni nani? Sijamuona kanisani."

  Mvua ilikuwa inapiga mabati. Baba Nyawira, yule mtu wa maneno, akaanza kunyoosha kola yake.

Aliyesimama ni mkewe. Aliweka birika chini na kusema, bila kupandisha sauti, "Nyawira ako nje, kwa moto. Amelowa. Kila mwaka anakuwanga hapo. Na mimi leo nitaenda kukula na yeye."

Akachukua kanga yake, akatoka. Nilidhani mzee atapiga meza. Vijana, nilikwisha kuishika koleo yangu vizuri. Alikaa kidogo akitazama mlango uliobaki wazi. Kisha akainuka, akaja pale niliposimama, akachukua kile kisahani kutoka mkononi mwangu, akatoka nacho kwenye mvua, bila kofia, na shati lake la kitenge. Nami nikamfuata, kwa sababu mbavu zilikuwa bado juu ya moto na hilo ndilo jambo pekee pale lililokuwa langu.

Kibanda kilikuwa kidogo. Tulisimama wanne tumebanana. Nyawira alipomwona alirudi nyuma mpaka kwenye kuni. Alikuwa amevua aproni, na chini yake alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Mzee alikitazama kitenge, akajitazama yeye mwenyewe. Mvua ilikuwa imekijaza kisahani maji na kuigeuza figo supu.

"Imepoa," aliniambia, kwa ukali, kama vile mimi ndiye niliyeipoza. "Rudisha kwa moto."

Niliirudisha. Figo haichukui muda. Nilipoitoa aliichukua kwa vidole vyake vitupu, ikamchoma, hakuiachia, akamnyooshea binti yake. Nyawira hakuipokea.

"Omba kwanza, Baba," alisema.

Hapo mimi, kwa mazoea, niliangalia mbavu na kuona ni sawa. Ziko juu, mbichi, na tuna safari ndefu. Wagonjwa bado, wasafiri bado, serikali bado. Mzee alifunga macho.  

"Mungu," alisema. "Nilimfungia mlango. Asante amekuja. Amina."

Basi. Ndiyo hiyo yote. Nyawira alikuwa amekwisha kuipokea figo, anaila na analia, na mama yake amemshika kiuno, na mimi nina mbavu mbichi kabisa. Miaka yangu yote ya kazi, nilikuwa sijawahi kukutwa hivyo. Nilizishusha haraka, nikachochea, nikaomba radhi kwamba bado kidogo.

Kwa hiyo walibaki wamesimama. Hakuna anayeondoka kwenye moto wakati nyama haijaiva, hiyo pia ni desturi. Mtu akisimama na mtu kwenye moto bila cha kutafuna, inabidi aseme kitu. Mzee alikohoa. Akautazama mkono wa shati lake, uliokuwa unamwaga maji.

"Ni wewe unashonanga hizi?"

"Kila mwaka," Nyawira akasema. Alimshika baba yake kifundo cha mkono, akaikunja ncha ya mkono wa shati kwa vidole viwili. "Hii mkono ni ndefu. Nilikuwa nakadiria tu, kutoka hapa kwa moshi. Umekonda, Baba."

"Viazi imekuwa mbaya," mzee akajibu, kana kwamba hilo ndilo lililomkondesha. "Utanipima?"

"Nitakupima."

Kisha mzee akamuuliza kama jicho lilipona vizuri, na Nyawira akaanza kumweleza, tangu mwanzo, mambo ya Murang'a ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilijifanya nina shughuli na moto.

"Fundi," mzee aliniita katikati ya maelezo. "Hii nyama bado?"

Mbavu zilikuwa zimeiva. Zilikuwa zimeiva vizuri, rangi ya kahawia, mafuta yanalia. Nilizitazama, nikamtazama yule msichana ambaye alikuwa hajamaliza kusema.

"Bado kidogo, mzee," nikasema, na nikaongeza kuni.

Niliulizwa tena, nikajibu hivyo hivyo. Hatimaye tulipoingia ndani sote wanne, na kiti kikasogezwa, ubao wangu ulikuwa na mbavu nyeusi tititi. Wairimu alizigusa kwa uma, akasema kwa sauti, ili Pasta asikie, kwamba huyu mzee wa kuchoma sasa amechoka, mwaka ujao watafute vijana wa Nyeri wenye nyota.

Wamewapata, nasikia ni nyinyi. Mkifika Endarasha, figo ni mbili, na wenyewe ni wawili. Moja ni ya Nyawira.